Uzi: Kidonge cha usingizi kimeacha kufanya kazi? Usiongeze dozi, anza hapa

Mkesha (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa yule anayemeza kidonge cha usingizi kila usiku, zamani kilikuwa kinamlaza ndani ya nusu saa, na sasa anakimeza na macho bado makavu hadi saa tisa. Wengi wakifika hapo hufanya moja kati ya mambo mawili: wanaongeza kidonge cha pili, au wanatupa pakiti nzima kwa hasira. La kwanza linasogeza tatizo mbele. La pili ni hatari zaidi, maana kukata ghafla dawa za jamii ya benzodiazepini (diazepamu, lorazepamu, klonazepamu na wenzake) baada ya miezi ya kuzitumia kunaweza kuleta degedege.

Tuanze na kilichotokea ndani ya kichwa. Benzodiazepini, na ndugu zake zolpidemu na zopikloni, hufanya kazi kwenye vipokezi vya GABA, ambavyo ni kama breki ya ubongo. Kidonge hukanyaga breki. Ukiikanyaga kila usiku, ubongo unajirekebisha: vipokezi vinapunguza mwitikio, na mguu uleule hausimamishi gari lilelile. Hali hii inaweza kujitokeza ndani ya wiki chache tu, ndiyo maana miongozo mingi inataka dawa hizi zitumike wiki 2 hadi 4, si mwaka. Ubaya ni kwamba ukiziacha, ubongo uliojirekebisha hubaki bila breki kwa siku kadhaa, na usingizi unakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza dawa. Mtu anasema "unaona, bila kidonge silali kabisa", anarudi kumeza. Alichokiona ni arosto ya dawa. Hakijamwonyesha bado uwezo wake halisi wa kulala.

Usingizi wenyewe huletwa na vitu viwili, kama alivyoeleza mtafiti Alexander Borbély mwaka 1982: njaa ya usingizi inayojijenga kadiri unavyokaa macho, na saa ya mwili inayopanga lini njaa hiyo ishibishwe. Anayelala vibaya kwa muda mrefu huwa ameviharibu vyote viwili bila kujua. Anapanda kitandani saa tatu "nijaribu mapema", anasinzia mchana, Jumapili anaamka saa nne asubuhi. Kidonge kilikuwa kinafunika uharibifu huo. Nguvu yake ikipungua, uharibifu unaonekana wote.

Mpangilio wa kazi ni huu, na naomba tusiruke hatua: kwanza hakikisha kweli ni mwili kuizoea dawa na si kitu kingine. Pili, jenga usingizi upya huku dozi ikibaki palepale. Tatu ndipo dawa ipunguzwe, kidogo kidogo, pamoja na daktari aliyeiandika. Wataalamu karibuni kila mmoja eneo lake.

Mfamasia wa Zamu

Nachukua hatua ya kwanza. Si kila kidonge "kilichokufa nguvu" kimekufa kwa mazoea. Kabla ya kulaumu ubongo, kagua haya.

Umekimeza baada ya kula? Zolpidemu ikikuta tumbo limejaa, hasa chakula cha mafuta, inachelewa kuingia kwenye damu. Unajilaza, unangoja, unaanza kuhangaika, na dawa inapofika wewe umeshajiamsha kwa wasiwasi. Imeze tumbo likiwa tupu, ukiwa tayari kupanda kitandani, si ukiwa sebuleni.

Umeanza dawa nyingine hivi karibuni? Rifampisini ya kifua kikuu na karbamazepini ya kifafa huchochea ini kuvunja dawa nyingi za usingizi haraka, na kiwango cha zolpidemu kwenye damu hushuka sana. Hapo kuongeza dozi si jibu, kwa sababu siku utakapomaliza rifampisini ini litarudi kwenye kasi yake ya kawaida na utajikuta na dozi kubwa mno. Kinyume chake kipo pia: klarithromisini (antibiotiki) na ketokonazoli (dawa ya fangasi) huzuia ini, na kidonge kilekile kinakulewesha hadi mchana.

Dawa nyingine zenyewe ndizo zinazokesha nawe. Prednisoloni ikimezwa jioni ni mfano mkubwa, kwa kawaida humezwa asubuhi. Dawa za kuongeza mkojo zikimezwa alasiri zitakuinua mara tatu usiku. Efavirenzi ya VVU, baadhi ya dawa za sonona na dawa za mafua zenye pseudoefedrini ziko kundi hilo. Usihamishe saa za dawa hizi mwenyewe, uliza.

Kisha tazama muda. Zolpidemu hupungua nusu mwilini kwa saa 2 na nusu hivi. Zopikloni ni kama saa 5. Diazepamu huenda siku nzima na zaidi, na mabaki yake hudumu siku kadhaa. Mtu anayeshikwa na usingizi vizuri saa nne akaamka saa nane usiku hana lazima tatizo la mazoea. Zolpidemu yake imeisha tu, kama ilivyotarajiwa. Msimulie daktari saa hasa unazokaa macho, maana hiyo inabadilisha uamuzi wote.

Na kahawa jamani. Kafeini huziba mlango wa adenosini, kemikali ambayo ndiyo njaa yenyewe ya usingizi. Kwa mtu mzima wa kawaida hupungua nusu kwa takriban saa 5. Kikombe chenye miligramu 100 saa kumi jioni kinakuachia 50 saa tatu usiku na 25 saa nane usiku. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, na mjamzito, kafeini hukaa muda mrefu zaidi. Kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa sita mchana hadi mambo yatengemae.

Nesi wa Usiku

Naongeza maradhi yanayojificha nyuma ya "sipati usingizi".

La kwanza ni kuziba pumzi usingizini. Mtu anakoroma, pumzi inakatika sekunde 10 au zaidi, anashtuka kama anayezama, halafu anarudi kulala. Asubuhi kichwa kinauma na kinywa kikavu. Yeye hakumbuki, anasema tu "usiku naamka amka". Muulizeni anayelala naye chumbani. Hapa dawa ya usingizi inaweza kuzidisha tatizo kwa sababu inalegeza misuli ya koo na kupunguza msukumo wa kupumua. Kipimo kwanza, kidonge baadaye.

La pili ni miguu isiyotulia: kuwashwa au kuvutwa ndani ya miguu jioni, kunatulia ukitembea, kunarudi ukijilaza. Omba kipimo cha ferritini, akiba ya madini ya chuma. Kwa wenye dalili hizi, hata mikrogramu 75 kwa lita huhesabiwa kuwa chini, ingawa karatasi ya maabara inaweza kuandika "kawaida". Na dawa za mzio zinazosinzisha huizidisha hali hii, kwa hiyo mtu anameza difenhidramini ili alale, miguu inacheza usiku kucha.

Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, maumivu, kiungulia, sukari isiyodhibitiwa, sonona: haya daktari atayapitia. Ila dalili moja isipuuzwe kamwe. Mtu halali siku kadhaa na bado ana nguvu nyingi, anaongea haraka, anatumia pesa ovyo, mawazo yanakimbia. Huyo si mgonjwa wa usingizi wa kawaida, apelekwe hospitali, na asipewe kabisa njia ya kubana saa za kitanda itakayoelezwa hapa chini.

Kipepeo

Samahani wakuu, swali kabla hamjasonga. Kama mwili umeizoea dozi, kwa nini daktari asiipandishe tu? Mbona dawa za presha hupandishwa?

Mfamasia wa Zamu

Swali zuri. Dawa ya presha ikipandishwa, faida huonekana na hukaa. Hapa faida ya nyongeza nayo huzoeleka baada ya muda, lakini madhara hayazoeleki kwa kiwango hicho hicho. Kusahau, kuyumba, kuanguka kwa wazee na kuvunjika nyonga, ubongo mzito asubuhi, vyote vinapanda na dozi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza dozi ya kuanzia ya zolpidemu ya kawaida kwa wanawake ishushwe kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu asubuhi damu ilikuwa bado na dawa ya kutosha kumharibu dereva. Mwaka 2019 ikaweka onyo kali kwenye zolpidemu, eszopikloni na zaleploni kwa sababu watu walikuwa wanapika, wanatembea na hata kuendesha gari wakiwa usingizini, na wengine walikufa.

Na kidonge cha pili saa nane usiku ni kosa kubwa kuliko yote. Kitakulevya hadi saa nne asubuhi, na kitaufundisha mwili kwamba kuamka usiku kunalipwa.

Pombe sitaizunguka. Inakulaza haraka, inavunja nusu ya pili ya usiku, na ikikutana na benzodiazepini au dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni inaweza kusimamisha pumzi. Hakuna kiasi "kidogo" cha kuchanganya.

Mkesha

Sasa hatua ya pili, ambayo ndiyo moyo wa uzi. Tiba ya kubadili fikra na mienendo ya usingizi hufanywa kwa kawaida vikao 6 hadi 8. Mwaka 2016 chama cha madaktari cha Marekani, American College of Physicians, kilishauri iwe tiba ya kwanza kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu, yaani anayekosa usingizi angalau usiku 3 kwa wiki kwa miezi 3. Ukipata mtaalamu, nenda. Usipompata, sehemu yenye nguvu zaidi inaweza kuanzwa kwa daftari na kalamu.

Wiki 2 za mwanzo usibadilishe kitu. Kila asubuhi, si usiku, andika mstari mmoja: saa uliyopanda kitandani, saa uliyozima taa, dakika unazokadiria kabla ya kushikwa, jumla ya dakika ulizokaa macho katikati, saa ya kuamka, saa ya kutoka kitandani, kidonge na dozi yake, usingizi wa mchana. Kadiria tu. Ukianza kuchungulia saa ili daftari liwe sahihi, daftari limekuwa ugonjwa mwingine.

Baada ya hapo piga hesabu. Mfano: mtu anapanda saa 4 usiku, anatoka saa 1 asubuhi. Hizo ni saa 9, yaani dakika 540. Wastani wa kulala kweli ni saa 5 na dakika 45, yaani dakika 345. Gawanya 345 kwa 540, zidisha kwa 100: asilimia 64. Zaidi ya theluthi ya muda wake kitandani anakesha, na kitanda kimejifunza kuwa mahali pa kukesha.

Dawa ya hilo iliandikwa na mtafiti Arthur Spielman na wenzake mwaka 1987: punguza saa za kitanda zilingane na saa unazolala. Huyu wetu achague saa ya kuamka isiyobadilika, tuseme saa 12 kamili asubuhi, kila siku pamoja na wikendi. Arudi nyuma saa 5 na dakika 45. Anapata saa 6 na robo usiku. Kabla ya hapo hagusi kitanda. Hata wastani wako ukiwa saa 4, usiweke chini ya saa 5.

Siku 5 hadi 10 za kwanza ni ngumu, nasema ukweli. Utasinzia ukiwa umesimama. Hiyo ndiyo njaa inayorudi. Kila wiki piga hesabu upya:

Wiki ya 1 amelala wastani wa dakika 310 kati ya 345, asilimia 90. Imepita 85, ambayo ndiyo mpaka wa kuongeza, basi anaongezewa dakika 15: sasa anapanda saa 6 kamili usiku.
Wiki ya 2 amelala 315 kati ya 360, asilimia 87 na nusu. Dakika 15 nyingine: saa 6 kasorobo.
Wiki ya 3 amelala 310 kati ya 375, karibu asilimia 83. Kati ya 80 na 85 anabaki palepale.
Ingeshuka chini ya 80, angepunguza dakika 15.

Angalia kitu kimoja: wiki 3 na jumla ya usingizi haijaongezeka. Imepungua! Wengi huacha hapa na kusema haifanyi kazi. Lakini mtu huyu alikuwa anakesha dakika 195 kitandani kila usiku, sasa anakesha 65. Usingizi umeshikana. Urefu huja baadaye, dakika 15 kwa dakika 15.

Wasiofaa kufanya hivi peke yao: mwenye historia ya kupanda na kushuka kwa hisia kupita kiasi, mwenye kifafa, anayetembea usingizini, mwenye kuziba pumzi ambaye hajatibiwa, na anayeendesha gari au mashine kazini. Dereva wa masafa asibane saa zake bila daktari, nukta.

Tausi

Nimeelewa hesabu. Ila wanasema ukikosa usingizi toka kitandani. Natoka, halafu? Nikae gizani nikitazama ukuta?

Msaikolojia wa Mtaa

Dada Tausi, umegusa panapoharibika mara nyingi. Kanuni hiyo ni ya mwanasaikolojia Richard Bootzin, 1972, na maana yake ni kitanda kirudi kuwa ishara ya usingizi. Watu wanasikia "toka" lakini hawaandai mahali pa kwenda, basi saa nane usiku, baridi, wanabaki wamelala wakigeuka.

Andaa pembe yako jioni, mapema. Kiti chenye mgongo. Taa dhaifu iliyoelekezwa sakafuni. Shuka la kujifunika lililokunjwa juu ya kiti tayari. Kitu cha kusoma ambacho unakijua tayari, au nguo za kukunja, au kusuka, au kupanga vifungo. Simu ibaki chumba kingine. Saa ya ukutani igeuzwe au itolewe. King'ora cha asubuhi kinatosha.

Ukihisi dakika 15 au 20 zimepita, au ukihisi tu kero imeanza kupanda kifuani, inuka. Usihesabu. Nenda kaa. Usirudi kwa kuwa "muda umetosha", rudi ukisinzia. Na hapa tofautisha vitu viwili: uchovu ni mwili kuwa mzito huku akili inakimbia; kusinzia ni kope kushuka zenyewe, kichwa kudondoka, kusoma mstari uleule mara ya tatu bila kuuelewa. Unarudi kwa cha pili. Ukirudi na usingizi usije, inuka tena. Usiku wa kwanza waweza kuinuka mara 4 au 5. Hiyo si dalili ya kushindwa.

Mchana usilale. Kama kazi yako ina hatari na huwezi kuvumilia, dakika 20, kabla ya saa 9 alasiri, na uziandike.

Baharia

Mimi napingana kidogo. Kujilaza tu hata bila kulala si mwili unapumzika? Kwa nini tumtese mtu kwenye kiti?

Msaikolojia wa Mtaa

Misuli inapumzika, kaka, ni kweli. Kwa mtu mwenye usingizi mzuri aliyekesha usiku mmoja, ajilaze tu. Kwa mwenye tatizo sugu, kila saa ya kukesha kitandani ni somo jingine ambalo ubongo unajifunza: hapa ni mahali pa kuwa macho. Ndiyo maana wengi wanasinzia kwenye kochi mbele ya televisheni, wakifika kitandani macho yanafunguka. Kwa mzee anayeyumba au aliye katika hatari ya kuanguka, hapo nakubaliana nawe: akae kitako kitandani taa ikiwa imewashwa, asome, asitembee gizani.

Mfamasia wa Zamu

Hatua ya tatu, kupunguza dawa. Anza pale tu daftari likionyesha wiki 2 hivi za usingizi ulioshikana, na usibadilishe saa za kitanda na dozi vyote katika wiki ileile. Ukibadilisha vyote, hutajua kipi kimeharibu.

Kwa benzodiazepini zilizotumika kila siku kwa muda mrefu, mwongozo wa pamoja uliotolewa Marekani mwaka 2025 unashauri kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 kila wiki 2 hadi 4, na usizidi asilimia 25 kila wiki 2. Asilimia hiyo ni ya dozi uliyonayo sasa, si ya dozi ya mwanzo. Kosa la hesabu liko hapo.

Chukua diazepamu miligramu 10. Kutoka 10 kwenda 9 ni asilimia 10, sawa: 5 moja na 2 mbili. Kwenda 8, kisha 7, ni rahisi kwa vidonge vya 5 na 2. Lakini ukifika 5 na ukaendelea kukata miligramu 1, hiyo ni asilimia 20. Ukifika 2 ukakata 1, umekata nusu nzima. Ndiyo maana watu wanashuka vizuri miezi 3, halafu "wanaanguka" mwishoni na kudhani hawaponi. Chini ya 5 punguza miligramu nusu nusu, na chini ya 2 hata kidogo zaidi. Robo ya kidonge cha 2 ni nusu miligramu. Dawa ya maji ya miligramu 2 kwa mililita 5 inakupa kipimo hicho kwa mililita 1.25 kwenye sirinji ya mdomoni, na ni sahihi kuliko makombo ya kisu. Kidonge kikatwe kwa kikatio chenye wembe, si meno.

Zopikloni ina vidonge vya 7.5 na 3.75, hivyo hatua za nusu ya 3.75 ndizo zinazotumika sana, na mwishoni huhitaji muda mrefu zaidi kati ya hatua.

Kila hatua tarajia usiku 3 hadi 7 mibovu. Dozi ibaki hapohapo, saa ya kuamka ibaki hapohapo. Hali ikigoma, simama wiki 2 au 4 zaidi kabla ya kushuka tena. Kusimama si kurudi nyuma. Mikono kutetemeka sana, kuona au kusikia visivyokuwepo, kuchanganyikiwa, degedege, mawazo ya kujiua: hospitali usiku huohuo.

Kipepeo

Maswali matatu ya haraka. Naweza kuruka usiku mmoja mmoja badala ya kukata? Vidonge vya kutoa dawa polepole vinakatwa? Na je, nikibadilisha kwenda dawa mpya isiyozoeleka, si nitaruka mateso yote?

Mfamasia wa Zamu

Kuruka: hapana kwa anayemeza kila siku. Kwa dawa za muda mfupi kila usiku wa kuruka unakuwa arosto ndogo, na unajifunza kwamba usiku wenye kidonge ni mzuri na usio nacho ni jehanamu. Dozi ndogo kila usiku, saa ileile, ndiyo inayovunja mnyororo huo. Na uamuzi ufanyike mchana, kwa ratiba, si saa saba usiku kwa hasira.

Vya kutoa polepole: visikatwe wala kutafunwa. Dawa yote inamwagika mara moja. Omba ubadilishiwe kwanza kwenda vya kawaida.

Dawa mpya: zipo zinazozuia oreksini, kemikali ya kukaa macho. Suvoreksanti ilikubaliwa Marekani 2014, lemboreksanti 2019, daridoreksanti 2022. Dokisepini ya miligramu 3 hadi 6 husaidia anayeamka alfajiri mno. Zina nafasi yake. Lakini hakuna hata moja inayoshika kipokezi cha GABA, kwa hiyo hazikingi degedege la kuacha benzodiazepini ghafla. Hata ukiongezewa mpya, ya zamani inashuka kwa ngazi.

Difenhidramini ya dukani usiihesabu kabisa. Nguvu yake ya kusinzisha inaweza kuisha ndani ya siku 3 au 4, inabaki midomo mikavu, choo kigumu, mkojo kukataa na kwa wazee kuchanganyikiwa. Melatonini ni ishara ya saa ya mwili na si nyundo ya kulaza: miligramu 0.5 hadi 3, saa chache kabla ya kulala, inamfaa yule ambaye saa yake imechelewa. Kumeza 10 hakukupi usingizi mara kumi.

Alfajiri

Niongeze la mwanga kwa ufupi, maana watu wanalidharau. Saa ya mwili hupangwa na jicho. Ndani ya saa moja ya kuamka toka nje dakika 30, hata kukiwa na mawingu. Mwanga wa nje wenye mawingu bado unazidi taa ya ndani mara nyingi. Saa 2 za mwisho kabla ya kulala punguza taa. Wanaobana saa za kitanda hukaa macho hadi saa sita usiku chini ya taa kali, na wanaichelewesha saa yao ya mwili bila kujua.

Msaikolojia wa Mtaa

Na la fikra. Saa 12 jioni kaa dakika 15 na karatasi yenye safu mbili: kinachonisumbua, na hatua moja ya kesho. Safu ya pili iwe kitendo kidogo chenye saa, "kumpigia fundi saa 3 asubuhi", si "kutatua nyumba". Wazo likija usiku, jibu ni "lina mahali pake kesho jioni".

Kisha acha kujaribu kulala. Usingizi haukubali kulazimishwa. Kuna zoezi linaloonekana la ajabu: lala gizani, macho wazi, na lengo lako liwe kubaki macho kwa utulivu, bila simu, bila kujigeuza. Ukiondoa jitihada, unaondoa kile kilichokuwa kinakuamsha. Hili lifanyike mwanzo wa usiku, dakika chache za kwanza. Kero ikipanda, kiti kinakusubiri.

Tausi

La mwisho kwangu. Nikikesha usiku mzima katikati ya kupunguza dawa, kesho yake nifanyeje? Nilale mapema kufidia?

Mkesha

Hapana, dada. Amka saa ileile. Toka nje upate mwanga. Kafeini isizidi kawaida yako na iishe kabla ya saa sita mchana. Usiendeshe gari siku hiyo. Kazi nzito ya akili ifanye asubuhi, jioni iwe ya mikono. Panda kitandani saa yako ileile, si dakika moja kabla, hata kama unayumba. Usiku wa pili mara nyingi ndio wenye usingizi mzito, kwa sababu umebeba njaa ya siku mbili, na ukiitawanya kwa kulala mchana au kupanda saa mbili usiku unaipoteza. Dozi usiiguse. Kwenye daftari andika sifuri bila maelezo marefu, kwa sababu hesabu inatazama wastani wa siku 7. Kama wiki 2 mfululizo wastani uko chini ya asilimia 80, beba daftari hilo kwa daktari, mfungulie ukurasa, na mwonyeshe tarehe ya mara ya mwisho dozi iliposhuka.